KATUNI ZA KIJAPANI: IPI BORA, NA KWA NINI?



Kila tunaporudi shuleni kutoka likizo, ubishi mmoja huanza mabwenini kabla masanduku hayajafunguliwa. Huyu asema Naruto ndiye shujaa wa mashujaa. Yule asema Naruto si kitu mbele ya Goku. Wa tatu, ambaye likizo nzima alikuwa malishoni na ng'ombe, auliza hao ni watu wa ukoo gani. Kwa kuwa ubishi huu hauishi, na kwa kuwa wazazi wengi nao huuliza ni kitu gani hicho watoto wao wakitazamacho, nimeona vema nieleze katika gazeti letu katuni za Kijapani ni nini, zilianzaje, zipi mimi nazipenda, na kwa sababu gani. Maoni haya ni yangu mwenyewe. Asiyekubaliana nami na aandike, kwani toleo lijalo lipo.

Kwanza tujue maana. Katuni za sinema ni picha zilizochorwa, zikaonyeshwa moja baada ya nyingine upesi, hata jicho likadanganyika likadhani zinakwenda. Katika sinema, sekunde moja tu hupita picha 24. Basi mpige hesabu: mchoraji akitaka kumwonyesha mtu ainuaye mkono kwa sekunde mbili, hupita picha 48. Ni kazi ya kuchosha, na fedha zake ni nyingi.

Wajapani huziita katuni hizo anime. Mtu aliyezifanya ziwe chakula cha kila juma katika televisheni yao ni Bwana Tezuka Osamu. Alizaliwa mwaka 1928, akasomea udaktari, lakini akachagua kalamu ya mchoraji. Tarehe 1 Januari 1963 ulianza kuonyeshwa mfululizo wake uitwao Tetsuwan Atomu, habari za mtoto wa chuma mwenye moyo wa kibinadamu. Fedha zilikuwa kidogo na muda ulikuwa juma moja kwa kila sehemu. Basi Bwana Tezuka akatumia akili: kila mchoro ukaonyeshwa mara tatu kabla ya kubadilishwa, hivyo michoro minane ikatosha sekunde moja. Michoro iliyokwisha kutumika ikawekwa akiba ili itumike tena. Ndiyo maana hata leo, ukitazama kwa makini, utamwona mtu wa katuni akizungumza dakika nzima na hakuna kinachotikisika ila mdomo. Wengine hudhani ni uvivu, kumbe ni hesabu.

Wakati ule sisi huku bara hatukuwa na televisheni. Zanzibar ilipata yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, nasi bara tulingoja mpaka 1994. Lakini kitu kizuri hakizuiwi na umbali. Leo katuni za Kijapani zatazamwa Tarime mjini, Sirari na Mugumu, na hata katika vijiji vya mbali, kwa ving'amuzi, kwa vibanda umiza, kwa simu, na zaidi kwa flashi ipitayo mkono kwa mkono. Nyingi husemwa kwa Kijapani, na maandishi ya Kiingereza hupita chini ya picha. Hilo lina faida yake: mtu ambaye angesinzia juu ya kitabu cha Kiingereza, hapo husoma upesi bila kulazimishwa, maana asiposoma hajui nani amemsaliti nani.

Sasa nije kwenye kuchagua. Mimi hupima katuni kwa maswali matatu. Je, shujaa hupata uwezo wake kwa jasho au kwa bahati? Je, hadithi ina neno la kusema, au inaendelea tu kwa kuwa watu bado wanatazama? Na je, ukiisha kuzima, kuna kitu umebaki nacho?

Kwa vipimo hivyo, nafasi ya kwanza naipa Naruto. Mwandishi wake ni Bwana Kishimoto Masashi, aliyeanza kuitoa kwa vitabu vya picha mwaka 1999. Katika televisheni ilianza Oktoba 2002. Awamu ya kwanza ina sehemu 220. Ya pili, iitwayo Shippuden, ina sehemu 500 nayo ilikwisha mwaka 2017.

Naruto ni mtoto yatima. Ndani ya mwili wake amefungwa mbweha mwenye mikia tisa, ambaye usiku aliozaliwa mtoto huyo alikaribia kukiangamiza kijiji kizima. Basi wanakijiji humtenga, na wazazi huwakataza watoto wao wasicheze naye. Darasani ni wa nyuma, na mtihani wa kumaliza shule ameushindwa mara tatu. Anaye mwalimu mmoja, jina lake Iruka, ambaye baba na mama yake waliuawa na mbweha yule yule. Kama kuna mtu mwenye sababu ya kumchukia Naruto, ni yeye. Lakini siku ya hatari Mwalimu Iruka ndiye anayemkinga mtoto kwa mgongo wake mwenyewe. Hayo yote yamo katika sehemu ya kwanza kabisa, dakika ishirini na kidogo. Waalimu wetu wakitaka kujua kwa nini wanafunzi huipenda hadithi hii, wala wasitazame zote. Watazame hiyo moja.

Mwingine nimpendaye ni Rock Lee. Huyu hakujaliwa mbinu za ajabu walizo nazo wenziwe. Ana mikono na miguu tu, basi huizoeza mchana na usiku, na miguuni hufunga vyuma vizito. Katika mashindano anavivua vyuma vile, navyo vikianguka sakafu yapasuka. Hapo kila mtazamaji hupiga kelele. Lakini baadaye Lee ashindwa, avunjwa mkono na mguu. Hilo ndilo linalonifanya nimheshimu mwandishi. Hakutudanganya kwamba kila ajitahidiye hushinda siku ile ile. Sisi wa Kidato cha Nne, tunaoungoja mtihani wa Novemba, twahitaji ukweli wa namna hiyo kuliko sifa.

Lakini sababu kubwa ya kuiweka Naruto mbele ni jinsi inavyoeleza kisasi. Kijana Sasuke aliuliwa jamaa zake wote usiku mmoja, na muuaji ni kaka yake. Akaishi kwa ajili ya kulipiza. Siku kaka yake alipoanguka mbele yake akafa, Sasuke akaambiwa siri: kaka alitenda kwa amri ya wakubwa wa kijiji. Je, kisasi kilimtuliza? Hata kidogo. Alitafuta tu mtu mwingine wa kumlipiza. Tena yuko Nagato, ambaye utotoni wazazi wake waliuawa na askari wa kijiji cha kina Naruto. Alipokua akamwua mwalimu mpendwa wa Naruto, akakibomoa kijiji kile kikabaki shimo. Naruto akamfikia Nagato akiwa dhaifu, naye angeweza kummaliza. Nagato akamtaka aeleze: wewe uliyeumizwa kama mimi, utafanya nini ili chuki ikome? Naruto hakumwua.

Sisi wa Tarime hatuhitaji Mjapani atusimulie habari kama hiyo, kwani twaijua. Ng'ombe huibwa usiku; vijana hufuata nyayo; mtu huumizwa; na ukoo wa pili husema damu haiendi bure. Mapigano ya koo yamewahi kuchoma nyumba na kuwakimbiza akina mama na watoto, hata Serikali ikaweka mkoa maalumu wa kipolisi wa Tarime na Rorya. Nasi hapa shuleni mtoto wa ukoo huu na mtoto wa ukoo ule huketi dawati moja na kula katika sufuria moja. Wakitazama pamoja habari ya Nagato, hakuna anayecheka. Wengine wetu hutazama chini.

Hata hivyo napenda tusiichukue katuni kama dawa kamili. Katika hadithi, Nagato aliutoa uhai wake akawarudisha wote aliowaua kijijini. Huku kwetu aliyezikwa Jumanne harudi Jumatano. Tena katika hadithi amani huletwa na kijana mmoja mwenye nguvu kupita kiasi, hali kwetu huletwa na watu wengi wasio na nguvu za ajabu: wazee wa mila, mkutano wa ritongo, mwenyekiti wa kijiji, na mama anayemficha mwanawe panga. Kwa hiyo katuni yatupa swali zuri, lakini kujibu ni juu yetu.

Nafasi ya pili naipa Dr. Stone, iliyoanza katika televisheni mwaka 2019. Mwandishi ni Bwana Inagaki Riichiro, na mchoraji ni Boichi, mtu wa Korea. Hadithi yasema watu wote duniani waligeuka mawe, na baada ya miaka 3,700 kijana mmoja, Senku, akazinduka katika dunia isiyo na msumari wala kiberiti. Silaha yake ni Sayansi. Huanza na moto, akafuata sabuni, kisha chuma, kioo, na mwisho dawa ya kumponya msichana mwenye kichomi. Kila kitu hupatikana kwa hatua: kujaribu, kukosa, kufikiri, kurudia. Yale tuyakaririyo darasani bila kuyaona, humo yaonekana yakifanya kazi.

Wapo wasemao kwamba hayo ni mambo ya Wajapani na Wazungu. Nawakumbusha kwamba ng'ambo ya ziwa letu, huko Buhaya, wataalamu wamechimbua mabaki ya tanuri za chuma za karibu miaka 2,000. Senku anapohangaika kupuliza moto upate ukali wa kuyeyusha chuma, anafanya kazi ambayo mababu wa nchi hii waliifanya kwa mivukuto yao bila kuambiwa na mtu. Nawaonya tu wadogo zangu wasijaribu jikoni kwa mama kila waonacho humo. Asidi haina mchezo, na Mwalimu wa Kemia yupo kwa kazi hiyo.

Nafasi ya tatu naipa Captain Tsubasa ya Bwana Takahashi Yoichi, iliyotoka kitabuni mwaka 1981 na katika televisheni mwaka 1983. Ni habari ya mtoto apendaye mpira wa miguu. Wenye jamaa Omani huenda wameisikia kwa jina la Kapteni Majid, kwa sababu katika nchi za Kiarabu ilitafsiriwa hivyo. Mchezaji Fernando Torres wa Hispania amesema kwamba alipokuwa mtoto aliitazama, ikamtia hamu ya mpira. Na Japani yenyewe, ambayo ligi yake kubwa ya kulipwa ilianza kuchezwa mwaka 1993 tu, ilifika Kombe la Dunia mwaka 1998. Sisemi katuni ndiyo iliyowafikisha, lakini watoto waliokua wakiitazama ndio waliojaza viwanja.

Ila lazima tucheke kidogo. Uwanja wa Tsubasa hauna mwisho. Hupinda kama mgongo wa dunia. Mchezaji hukimbia na mpira, hukumbuka utoto wake, huzungumza na mama yake moyoni, na bado hajalifikia lango. Mpira ukipigwa huweza kukaa hewani mpaka juma lijalo. Nimeiweka ya tatu kwa sababu karibu kila mechi huokolewa na nyota mmoja. Aliyecheza mpira wa bweni kwa bweni ajua kwamba nyota asiyepasiwa hana la kufanya.

Naona wapenzi wa Goku wamekwisha nuna. Dragon Ball ya marehemu Bwana Toriyama Akira, aliyefariki Machi 2024, ni mzee kwa Naruto, maana kitabu chake kilianza mwaka 1984, na hata Bwana Kishimoto amejifunza kwake. Naiheshimu kama tunavyomheshimu babu. Lakini humo mtu akifa hukusanywa mawe saba, joka likaombwa, naye akafufuka. Na adui akishindwa huja mwingine mwenye nguvu zaidi. Mahali ambapo kifo si kitu, ushujaa nao hupungua bei.

Sasa liko jambo linalotuhusu sisi wa Serengeti kuliko watu wote. Yule Bwana Tezuka niliyemtaja mwanzo alitunga, kati ya mwaka 1950 na 1954, hadithi ya picha iitwayo Jungle Taitei, yaani mfalme mkuu wa msituni. Mwaka 1965 ikawa mfululizo wa televisheni wa rangi, sehemu 52. Shujaa wake ni mwana-simba mweupe aitwaye Leo, na nchi yake ni Afrika. Baba yake auawa na wawindaji. Mama yake atiwa melini. Mtoto azaliwa safarini, ajitupa baharini na kuogelea mpaka nyumbani. Humo anataka kuanzisha nchi ambayo wanyama hawalani, bali hulima shamba pamoja.

Ni hadithi nzuri, na shabaha yake ni njema. Wajapani walikuwa wametoka vitani, nao walijua maana ya kutamani nchi isiyo na kuuana. Lakini mtoto aliyezaliwa Mugumu au Nata atakuwa na maswali. Simba hali mahindi. Simba mweupe amejulikana Timbavati, Afrika Kusini, si Serengeti kwetu. Wala mwana wa simba harithi ufalme wa baba: akifika miaka miwili au mitatu dume hufukuzwa kundini, akatangatanga na nduguze mpaka wapate nguvu za kuteka kundi la wengine. Na kazi kubwa ya kuwinda hufanywa na majike. Kosa hilo la urithi limo pia katika sinema ya Kimarekani ya The Lion King ya mwaka 1994, ambayo watu wengi wameilinganisha na ile ya Bwana Tezuka, na ambayo shujaa wake alipewa jina kutoka lugha yetu wenyewe: Simba. Basi Mjapani amemchora simba wetu, na Mmarekani amemchora simba wetu. Sisi tunaomsikia akinguruma usiku tumekaa kimya.

Kabla sijafika mwisho, niseme ubaya wa katuni hizi, maana sifa tupu si maelezo. Ubaya wa kwanza ni muda. Naruto yote ni sehemu 720. Ukihesabu dakika 22 kwa kila moja, utapata dakika 15,840, yaani saa 264, yaani siku kumi na moja usiku na mchana bila kulala wala kula. Kwa masomo ya jioni ya saa mbili, ni jioni 132. Na si zote zenye thamani: katika awamu ya kwanza, sehemu zaidi ya themanini za mwisho karibu zote hazikutoka kitabuni, bali zilitungwa ili kungoja kitabu kisonge mbele. Hizo mtu aweza kuziruka bila hasara. Ubaya wa pili ni umri. Wazazi wasidhani kwamba kila kilichochorwa ni cha watoto. Attack on Titan, kwa mfano, ina damu na watu kuliwa wazima. Si ya kumwachia mtoto wa darasa la tatu akae nayo peke yake.

Ubaya wa tatu ni wasichana. Katika nyingi za hadithi hizi msichana husimama kando, akilia na kungoja kuokolewa. Sakura wa Naruto, ingawa baadaye huwa tabibu hodari, kwa muda mrefu alikuwa hivyo. Huku kwetu mambo ni kinyume. Ukeketaji wa watoto wa kike umekatazwa na sheria tangu 1998, lakini kila unapofika Desemba wako wasichana wa Tarime na Serengeti ambao hutoroka nyumbani usiku, hupita porini kwa miguu, mpaka wafike nyumba salama ya Mugumu au kituo cha Masanga. Hawana mbweha mwenye mikia tisa wa kuwasaidia. Kama kuna shujaa anayestahili kuchorwa, ni msichana huyo.

Nani atamchora? Tusiseme haiwezekani. Dar es Salaam, tangu mwaka 2014, imetoa Ubongo Kids, katuni ifundishayo Hesabu na Sayansi kwa Kiswahili. Nairobi ilitengeneza Tinga Tinga Tales, kwa kufuata michoro ya aina iliyoanzishwa na Mtanzania, marehemu Edward Saidi Tingatinga. Bwana Tezuka naye alianza na fedha kidogo na michoro minane kwa sekunde. Penseli tunazo. Hadithi za sungura na fisi, za mbugani, za mto Mara na nyumbu wavukao, bibi zetu wanazo, nao wanazeeka. Na wimbo wa kufungulia hatuna haja ya kuuagiza Tokyo: litungu lipo.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, tutazame kwa kuchagua, baada ya kazi, na tutazame kama wasomaji wenye maswali. Wazazi wetu, kabla ya kukataza, ketini na mtoto sehemu moja tu, mumwulize inasema nini. Huenda mkapata mazungumzo ambayo yangekuwa magumu kuyaanza kwa njia nyingine. Na yule mwenzetu wa Kidato cha Kwanza anayechora Naruto nyuma ya daftari la Jiografia, namwomba ukurasa unaofuata amchore mtu wa kwao.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne